Uchambuzi wa kisa: upinde wa mforosadi wenye mafundo saba, na fundo tulilolilinda mpaka likatuponza

Kwanza kabisa

Kisa hiki ni cha mtu mmoja ambae alitengeneza upinde wake wa pili maishani kwa gogo ambalo fundi yeyote mwenye akili timamu angelitia motoni. Jina lake nimetoa, mahali nimetoa, nitamuita Dogo tu maana kiumri ni mdogo kwangu na mimi ananiita kaka. Vipimo ni vile vile alivyoandika kwenye daftari lake. Mimi nilikuwa pembeni namuelekeza, kwa hiyo makosa mengine humu ni ya kwangu na ntayasema.

Kwa asiyezoea maneno: mgongo wa upinde ni ule upande unaotazama shabaha, tumbo ni upande unaomtazama mpigaji. Mikono ni ile mirefu miwili, wa juu na wa chini, katikati kuna mshiko. Ukivuta kamba mgongo unatanuka na tumbo linabanwa, shika hilo tu mengine yote yatakuja yenyewe.

Usuli

Gogo lilikuwa la mforosadi, mita 1.9 urefu, kipenyo kama sm 18, mti ulikatwa kwa sababu nyingine kabisa Dogo akaliomba. Mforosadi ni mti mzuri sana wa upinde ila hausifiwi, uko ukoo mmoja na osage orange ule wa Marekani ambao wapenda pinde wanauimba kila siku, mti wake wa ndani ukiupasua ni wa njano alafu ukikaa kwenye mwanga unageuka kahawia. Shida moja tu, mforosadi unapenda kutoa vitawi kila mahali, na kila kitawi kikifa au kikikatwa kinabaki fundo.

Siku ile ile Dogo alipaka rangi nzito kwenye ncha mbili za gogo zisikauke haraka zikapasuka, hapo alifanya vizuri, wengi wanasahau wanakuja kukuta ufa wa sm 20 kila upande. Akalipasua katikati kwa kabari na nyundo. Nusu moja mafundo tisa, nusu ya pili saba. Tukachukua ya saba. Ikakaa kivulini karibu mwaka, kipima unyevu kikasoma asilimia 9, na kwa upinde ukiwa kwenye 8 mpaka 10 uko freshi.

Lengo lake: upinde wa sm 170, paundi 45 kwa mvuto wa inchi 28, yaani kamba ikivutwa mpaka inchi 28 inataka nguvu ya paundi 45. Kwa gogo safi hilo ni lengo la kawaida kabisa. Kwa lile gogo nilimwambia tusubiri tuone, akanuna kidogo.

Mafundo yenyewe

Kabla ya kugusa chombo chochote nilimwambia azungushe chaki kila fundo na apime lilipo. Manne kati ya hayo hayakuwa na neno, ila matatu tuliyazungumza mpaka Dogo akayapa majina.

"Mkubwa" alikuwa mkono wa juu, sm 30 kutoka katikati, upana mm 15, fundo hai, yaani limeshikana na mti unaolizunguka, na mgongoni limetengeneza kilima. "Pacha" ni vifundo viwili vidogo kama vichwa vya kiberiti, mkono wa chini, vimekaa bega kwa bega kukatisha upana. Na "Chongo" alikuwa karibu na ncha ya juu, fundo lililokufa limeoza ndani, ukiligusa na msumari linatoa unga, ukilisafisha linabaki tundu.

Mtu anahesabu saa hii, Pacha ni viwili kwa hiyo jumla ni nane, ila Dogo daftarini kaandika saba. Nimeacha saba, tusigombane.

Sasa kitu ambacho watu hawakielewi kuhusu fundo. Fundo lenyewe sio adui. Tawi lilipokuwa linaota, nyuzi za shina zilipinda kulizunguka kama maji ya mto yanavyozunguka jiwe, kwa hiyo pembeni ya fundo kuna nyuzi zimesongamana, ngumu, zenye nguvu. Upinde unavunjika pale ambapo wewe umekata zile nyuzi zinazozunguka kwa sababu ulitaka mstari unyooke. Ndio maana pinde zilizotoka kwenye meli ya Mary Rose, iliyozama Uingereza 1545 ikaopolewa 1982, ukiziangalia kwa karibu utaona pale penye kifundo fundi kaacha mti umevimba hajausawazisha, na hao walikuwa mafundi wanatengeneza kwa wingi kwa ajili ya vita, hawakuwa na muda wa mapambo.

Uamuzi wa kwanza: kusogeza upinde ndani ya gogo

Gogo sm 190, upinde sm 170, kwa hiyo tuna sm 20 za kucheza nazo. Dogo alishachora upinde katikati kabisa ya gogo, sm 10 zinabaki kila upande, nzuri kwa macho. Nikamwambia futa. Tukasogeza mchoro sm 9 kuelekea juu, na hapo mafundo mawili ya katikati yakaangukia kwenye mshiko, ambapo upinde haupindi, na Chongo akabaki sm 12 kutoka ncha, ambapo mzigo wa kupinda ni mdogo. Mkubwa na Pacha hatukuweza kuwakwepa. Ukiwasogeza hawa wanakuja wale.

Huu uamuzi ulichukua nusu saa na penseli. Naamini ndio ulioufanya upinde uwe hai mpaka leo.

Kufuata pete moja

Mgongo wa upinde wa namna hii unatakiwa uwe pete moja ya ukuaji, yaani tabaka moja la mti la mwaka mmoja, haijakatwa, kuanzia ncha mpaka ncha. Dogo akatoa gome, akatoa mti mweupe wa nje, akaanza kuishuka pete kwa pete kwa kile kisu cha kuvuta chenye mishikio miwili.

Kwenye mforosadi kazi hii masikio yanasaidia kuliko macho. Kila pete ina tabaka laini lenye vitundu na tabaka gumu. Kisu kikiwa kwenye lile laini kinachakarika, kinatoa sauti kama unakwaruza biskuti kavu, na mti unaonekana mkavu umefifia. Kikigusa gumu sauti inakata ghafla, kisu kinateleza, mti unang'aa kama umepakwa mafuta. Ukisikia kimya, simama hapo hapo.

Sehemu tambarare alimaliza kwa siku moja. Mkubwa peke yake alimchukua siku mbili. Pete ikifika kwenye fundo inapanda kama kilima, kwa hiyo ukija na kisu chako kikubwa kwa mwendo ule ule unapitiliza unakata kilele, unakuwa umeshakata pete tatu nne kwa mpigo. Alichofanya aliacha kisiwa cha kama sm 4 kuzunguka fundo lote, hakukigusa na kisu, alafu akakishusha taratibu kwa kipande cha msumeno wa chuma alichokinoa ukingo, akikwaruza kidogo kidogo kutoka kileleni kushuka. Alipomaliza, kilima kilikuwa kimevimba mm 5 hivi juu ya mgongo, pete haijakatika popote, ukipitisha kidole gumba macho yamefumba unahisi kama unapita kwenye goti la mtu. Kazi safi. Mimi mwenyewe nisingekuwa na hiyo subira.

Kuchora upana, na lile neno langu

Mchoro ulifuata nyuzi, sio rula. Gogo likikauka linatoa nyufa ndogo ndogo juu, na hizo nyufa ndizo zinakuonyesha nyuzi zinaelekea wapi, ukizifuata na penseli huwezi kupotea. Upinde ukatoka umejinyonganyonga kama nyoka kidogo, Dogo akauliza kama utapiga sawa, nikamwambia utapiga.

Upana tuliweka mm 42 kuanzia mshiko mpaka nusu ya mkono, alafu unapungua mpaka mm 12 kwenye ncha. Kwa Chongo tuliongeza upana, kwenye tundu lake tukaacha mti wa ziada pande zote mbili ili ukitoa tundu, mti uliobaki ujumlike kuwa sawa na unaotakiwa. Tundu tulilijaza unga wa msasa uliochanganywa na gundi ya epoksi ili maji na wadudu wasiingie. Ule mchanganyiko haubebi mzigo wowote, nasema hivyo sababu kuna watu wanadhani wakiziba tundu wamerudisha mti.

Tukafika kwa Mkubwa. Upande wa tumbo fundo lilitokeza na lenyewe, duara jeusi lenye miviringo. Dogo akaniuliza, "Kaka, hapa kwenye tumbo tuache nyama au tushushe sawa na kwingine?" Nami nilikuwa na haraka, nikajibu, "Acha, acha tu nyama, fundo kubwa hilo."

Hilo neno ndilo lililotugharimu.

Aliacha. Mkono pale ulikuwa mm 14 unene, yeye kwenye fundo akaacha mm 16, na ile nyama ya ziada ikaenea kama sm 8 kwa urefu. Upana hakuuongeza, ulibaki mm 42 ule ule.

Mvuke kidogo

Hapa napita haraka. Kamba ilikuwa inapita sm 2 nje ya mshiko kwa sababu ya ule unyoka, kwa hiyo tuliupika upinde kwenye mvuke karibu na mshiko, mbali na fundo lolote, dakika 45 (hesabu ya kawaida ni kama saa moja kwa kila inchi ya unene), tukaufunga kwenye ubao na klampu ukapoa, ukakaa wiki mbili ukauke upya. Kamba ikarudi katikati. Usivute upinde uliotoka kwenye mvuke siku ile ile hata kama unawashwa mikono.

Kusawazisha mkunjo

Hii ndio roho ya kazi. Upinde unawekwa kwenye nguzo, kamba inapita kwenye kapi chini, unasimama mbali unavuta huku unatazama mikono inavyopinda, palipokaza unapunguza tumbo, panapopinda sana unapaacha. Na miwani uvae, upinde ukivunjika vipande haviulizi.

Tulianza na kamba ndefu mpaka ncha zikasogea sm 15, kila hatua anavuta mara 20 au 30 upinde uzoee kabla ya kupima tena. Kanuni yetu ilikuwa hatuvuti hata siku moja zaidi ya paundi 45 kwenye mizani, hata kama mvuto umefika inchi 10 tu. Alafu kamba fupi, kimo (umbali wa kamba na mshiko) sm 8 kwanza, baadae 15. Mvuto inchi 16, inchi 18, inchi 20. Mkono wa chini ulikuwa unapinda vizuri kama upindo wa mwezi mchanga. Wa juu nao kwa mbali ulionekana mzuri.

Nasema kwa mbali. Kwenye inchi 20 niliona kama kuna kasehemu kamenyooka pale kwa Mkubwa, nikasema kwa sauti "hapa kidogo tu pamekaza," Dogo akasema ni ile nyama, tukaendelea. Nilikuwa na kifaa mfukoni cha kupimia! Ni kibao tu cha sm 15 chenye penseli katikati, unakiteleza tumboni wakati upinde umevutwa, penye kupinda penseli haigusi, palipokaza inachora. Sikukitoa. Jicho langu nililiamini, basi.

Kwenye inchi 24 Dogo akasema amesikia "tik". Mimi sikusikia. Tukashusha, tukatoa kamba, akachukua tochi akailaza ubavuni mwa tumbo ili mwanga upite kwa kukwaruza, na pale, sm 3 mbele ya nyama ya Mkubwa kuelekea ncha, kulikuwa na mistari mitatu myembamba imekatisha tumbo, kila mmoja kama mm 6. Ukipitisha ukucha unakwama kidogo. Makunyanzi. Nyuzi za tumbo zimebanwa mpaka zimejikunja.

Nilipotoa kile kibao hatimaye, penseli ilichora mstari mweusi sm 8 nzima juu ya Mkubwa, na mbele yake tu mkono ulikuwa umeota kiwiko.

Fundo lenyewe halikuwa na alama hata moja.

Tulichoamua hapo

Dogo alitaka kumwagia supaglu kwenye makunyanzi. Nikamkatalia, sababu gundi inashika kitu kilichoachana, na hapa hakuna kilichoachana, nyuzi zimesagika, ukimwaga gundi unapata makunyanzi yanayong'aa. Angeweza kuchimba pale na kupandikiza kiraka cha mti mwingine, watu wanafanya, ila kwa upinde wa pili wa mtu nikaona ni kumbebesha mzigo. Kuuacha kabisa nako aliwaza, ilikuwa mwezi wa tano wa kazi na alikuwa amechoka. Nikamwambia yule mtu wa kale wa kwenye barafu la milima ya Alps, Ötzi, aliyepatikana 1991, alikutwa na upinde ambao nao ulikuwa haujamalizika, alama za shoka bado zipo. Akajibu, "Sawa kaka, ila yeye alikufa." Nikakosa la kusema.

Tukakubaliana hivi: kiwiko hakiguswi tena kamwe. Nyama ya Mkubwa tumboni inashushwa, mm nusu kwa mara, kutoka 16 mpaka ikafika 14.5, ili na yeye aanze kubeba sehemu yake ya kupinda. Alafu mkono wa juu wote uliobaki na mkono wa chini unapunguzwa kufuata kile kiwiko kilivyo, yaani mnyonge ndio anaweka kasi ya msafara. Na lengo la paundi 45 tukalifuta daftarini, Dogo mwenyewe ndie alieshika kalamu.

Ajali ya pili, ndogo

Upinde ukasawazika, ukapiga mishale ya kwanza, furaha. Kabla ya kupaka vanishi Dogo akauchukua kwake aupige msasa. Alipourudisha ulikuwa unang'aa kama meza ya bwana harusi, na Pacha, vile vilima viwili vidogo vya mgongoni, havipo. Kavisawazisha. "Vilikuwa vinakera mkono," kasema.

Mishale kama 60 baadae, kibanzi cha sm 3 kikainuka pale pale kwa Pacha. Hapa ndio supaglu nyepesi ilifaa, maana hapa kitu kilikuwa kimeachana kweli: ikanyonywa chini ya kibanzi, ikabanwa, alafu uzi ukazungushwa sm 5 kwa kukaza, ukapakwa gundi juu.

Matokeo

Upinde umeishia paundi 37 kwa inchi 27. Ukitoka kupiga na kutoa kamba umelala (yaani umebaki umepinda kuelekea tumboni) sm 4, ukipumzika masaa machache unabaki umelala sm 2.5. Unapiga vizuri, una mtetemo kidogo mkononi. Makunyanzi hayajaongezeka, Dogo anayaangalia na tochi kila baada ya kupiga. Kibanzi kimetulia. Mishale imeshapita 800 kwa hesabu yake, na hesabu za Dogo mmeshaziona.

Muda: kama masaa 60. Gogo safi angemaliza kwa 20.

Uchambuzi

Nianze na kilichotuponza. Ugumu wa mkono wa upinde unafuata unene mara tatu, yaani unene zidisha unene zidisha unene. Upana wenyewe unafuata moja kwa moja, ukiongeza upana asilimia 10 unapata ugumu asilimia 10. Sasa piga hesabu ya Mkubwa: 16 gawanya kwa 14, alafu jibu zidisha jibu zidisha jibu, unapata karibu 1.49. Mm mbili tu za nyama zilifanya pale pawe pagumu karibu nusu zaidi ya jirani. Sehemu ya sm 8 ikagoma kupinda, na kazi yake yote ya kupinda akabebeshwa jirani wa mbele ambae hakuwa na kosa lolote, mti wake safi, nyuzi zimenyooka. Ndio maana makunyanzi yalitokea kwenye mti mzuri na sio kwenye fundo. Mtu akiona hivyo bila kujua anasema "mti wangu ulikuwa dhaifu pale," kumbe alimuua yeye kwa kumhurumia jirani.

Na kuna ubaya wa pili. Hata kama ile nyama ingepinda, mti mnene ukiupinda kwa mviringo ule ule unabanwa zaidi tumboni kuliko mwembamba. Kwa hiyo unene kama kinga unakuangusha pande zote mbili.

Jibu sahihi kwa swali la Dogo lilikuwa: ongeza upana. Tumboni shusha sawa na kwingine, mm 14 au sana sana 14.5, pembeni acha mkono uvimbe mpaka mm 52 hivi kwa urefu wa sm 7 au 8, ukifuata nyuzi zinavyozunguka. Chongo tulimfanyia hivyo hivyo na hajatusumbua hata siku moja pamoja na kuoza kwake, na hilo linaniuma maana kanuni tulikuwa nayo mkononi, tumeitumia kwa fundo lisilo na mzigo tukaisahau kwa lenye mzigo. Mkubwa alitutisha kwa ukubwa, na mtu akitishika anaacha nyama.

Mgongoni ni kesi nyingine na watu wanachanganya hapa. Kile kilima cha mm 5 cha mgongoni kinabaki, hakina mjadala, sababu pale hujaongeza kitu, umefuata pete ilivyoota. Kinaongeza ugumu kiasi, kweli, na kwa sababu hiyo hiyo tumboni ndio ulitakiwa upunguze kidogo badala ya kuongeza. Mgongo unaufuata, tumbo unalipanga. Hii ningeisema siku ya kwanza Dogo asingegusa Pacha na msasa. Nilimwambia "usikate pete" ila sikumwambia kwamba msasa nao unakata pete, taratibu tu, na yeye kichwani mwake kukata ni kisu. Kosa la msasa kwenye daftari kaandika jina lake, mimi naligawa katikati.

Kile kibao cha penseli. Jicho linaona mkunjo wa mkono mzima vizuri, sehemu fupi haioni, hasa mti ukiwa na vilima vya asili vinavyokudanganya kwamba pameinama kumbe pameota hivyo. Gogo safi ningekubali mtu atumie jicho. Gogo la mafundo kibao kitumike kila hatua, kuanzia kamba ndefu. Tungekitumia kwenye inchi 16 tungeona mstari mweusi kabla ya madhara, tungeshusha ile nyama, na nadhani tungefika 42 au 43. Hiyo "nadhani" ni yangu, sina upinde wa kulinganisha.

Kilichofanya kazi: kusogeza mchoro, kufuata nyuzi hata kama upinde unatoka na unyoka, kushuka kilima kwa kipande cha msumeno, na ile kanuni ya kutovuta zaidi ya paundi za lengo. Hii ya mwisho naiheshimu zaidi baada ya kisa hiki, sababu bila hiyo "tik" ya Dogo ingekuwa "pa". Na kupunguza lengo mapema. Kuna watu wangeng'ang'ania 45 ile ile na sasa hivi wangekuwa na kuni mbili za mforosadi.

Swali ambalo naulizwa, je gogo kama lile lilistahili masaa 60? Kama unataka upinde wa kutumia mwezi ujao, hapana, tafuta gogo safi. Dogo yeye alikuwa nalo hilo tu.

Nusu ya pili, ile ya mafundo tisa, bado imesimama kwenye kona yake. Mara ya mwisho nilipopita nimeikuta imeshachorwa. Kwenye fundo kubwa kuliko yote mstari wa penseli umetanuka kushoto na kulia kama chatu aliyemeza mbuzi, na ubavuni, kwa kalamu nyekundu, kaandika: "mm 14. Hata kaka akisema acha."